Fahirisi ya Sukari Damuni: Istilahi ya Lishe na Matumizi Yake Katika Ushauri wa Kupunguza Uzito

Miongoni mwa istilahi zinazofika mezani pa wafasiri wa maandishi ya afya, ipo moja ambayo yaonekana nyepesi lakini yakwaza. Ni ile inayotaja kipimo cha jinsi chakula kinavyoongeza sukari katika damu baada ya kuliwa. Kipimo hiki kilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, lakini siku hizi hutumiwa pia kuwashauri watu watakao kupunguza uzito. Kwa hiyo kimetoka katika vitabu vya waganga na kuingia katika vijarida, vipindi vya redio na mafunzo ya shule.

Makala haya yana makusudio matatu: kueleza dhana yenyewe, kupima majina yawezayo kuibeba kwa Kiswahili, na kuonyesha jinsi ushauri unaohusu dhana hiyo unavyoweza kuandikwa ueleweke na msomaji wa kijijini. Mifano yetu mingi tumeiweka Kagerankanda, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa Kasulu na Kibondo. Huko ni nchi ya Waha, wakulima wa muhogo, mahindi, maharage, ndizi na viazi vitamu. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu istilahi ikiweza kufanya kazi yake katika zahanati ya huko, itaweza kuifanya popote.

Tuanze na sentensi moja ambayo mfasiri mwenye haraka aweza kuiandika katika kijarida cha afya:

"Ili ukonde, kula vyakula vyenye kiwango kidogo cha sukari, na mboga kwa wingi."

Kwa sarufi, sentensi hii haina dosari. Kwa maana, ina makosa manne, na kila kosa laweza kumdhuru msomaji. Tutayachukua moja moja.

1. "Kiwango kidogo cha sukari"

Dhana tunayoijadili ilitangazwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Walipima vyakula 62 kwa kuwapa watu wenye afya na kuangalia sukari ya damu yao. Mwaka huohuo wa 1981 ndipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipochapishwa. Basi si ajabu kwamba dhana hii haikupata nafasi humo.

Kipimo hufanywa hivi. Mtu aliyelala bila kula hupewa chakula chenye gramu 50 za kabohaidreti zinazomeng'enywa. Damu yake hupimwa mara kadhaa katika muda wa saa mbili, na sukari iliyoongezeka huchorwa katika grafu. Siku nyingine mtu yuleyule hupewa gramu 50 za glukosi, na vipimo hurudiwa. Eneo la grafu ya chakula hulinganishwa na eneo la grafu ya glukosi, ambayo hupewa thamani ya 100. Kanuni ya kimataifa ya upimaji iliyotolewa mwaka 2010 yataka watu wasiopungua 10, na wastani wao ndio huwa jibu. Chakula kikipata 55 au chini ya hapo, husemwa kuwa cha chini. Toka 56 hadi 69, cha wastani. 70 na kuendelea, cha juu.

Msomaji ataona mara moja kwamba hakipimwi kiasi cha sukari kilichomo katika chakula. Kinachopimwa ni kupanda kwa sukari katika damu ya mlaji. Mambo hayo mawili hayalingani. Katika majedwali ya kimataifa yaliyotolewa mwaka 2008, mkate mweupe wa ngano ulipata wastani wa 75, na wali mweupe 73. Sukari ya mezani, ile tuitiayo katika chai, ilipata 65. Embe, tunda tamu, lilipata 51. Kwa hiyo anayeandika "kiwango kidogo cha sukari" amemruhusu msomaji ale mkate mkavu bila hofu, na amemwogofya asiguse embe. Maana imegeuzwa juu chini.

Sababu yake ni kwamba wanga, ingawa hauna utamu ulimini, umefungamana kwa chembe za glukosi. Ukimeng'enywa, chembe hizo huachana na kuingia katika damu. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na fruktosi haipandishi sukari ya damu ila kidogo.

Tuchukue mfano wa mazungumzo yanayoweza kutokea katika zahanati yoyote ya nyanda hizo. Muuguzi kijana amwambia mama mtu mzima: "Shikamoo mama. Vipimo vyaonyesha kwamba yakupasa upunguze sukari." Mama ajibu: "Marahaba, mwanangu. Lakini sukari mimi naiona dukani tu. Chai yangu nainywa kavu, na chakula changu ni ugali wa muhogo." Wote wawili wamesema kweli, na hawakuelewana. Muuguzi alisema juu ya sukari ya damu. Mama alisikia sukari ya dukani. Ataondoka akiamini kwamba ushauri ule haumhusu, na bonge la ugali litabaki lilivyokuwa.

Basi twahitaji jina litakaloweka sukari mahali pake, yaani ndani ya damu. Hapa chini twapima majina manne.

(a) "Kiwango cha sukari". Tumekwisha kuona kasoro yake. Jina hili liachiwe kazi yake halali ya kutaja kiasi cha sukari kilichomo katika kitu, kama vile soda au dawa ya kikohozi.

(b) "Kielezo cha glisemia". Neno glisemia limetoholewa kutoka lugha za Ulaya, nazo zililiunda kwa mashina mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya tamu na jingine damu. Utohozi wenyewe si kosa. Tunasema insulini na homoni bila taabu. Lakini hapa msomaji asiye mtaalamu habaki na chochote cha kushika. Zaidi ya hayo, kielezo hutumika pia kwa mchoro au mfano uwekwao kufafanua maandishi.

(c) "Kipimo cha upandaji wa sukari". Jina hili laeleza vizuri kazi ya kipimo, lakini lina mtego. Kupanda ni kukwea, na kupanda ni kutia mbegu ardhini. Katika wilaya za wakulima, upandaji ni kazi ya msimu wa mvua, na sukari yenyewe hutokana na miwa ipandwayo. Istilahi isiyosimama bila maelezo marefu haijapata kuwa istilahi.

(d) "Fahirisi ya sukari damuni". Neno fahirisi, lenye asili ya Kiarabu, limekwisha kuzoeleka katika takwimu: twasema fahirisi ya bei kwa kipimo kinacholinganisha bei za wakati mmoja na bei za mwaka wa msingi uliopewa thamani ya 100. Dhana yetu ina umbo hilohilo, ila mahali pa mwaka wa msingi pamewekwa glukosi. Faharasa, ndugu wa neno hilo, libaki kuwa orodha ya mwisho wa kitabu. Neno damuni, kwa kiambishi chake cha mahali, laonyesha kwamba sukari inayohesabiwa si ya chakulani.

Twapendekeza jina la nne. Tena, kwa kuwa fahirisi ni ulinganisho, mfasiri asisahau kutaja msingi wake. Wako watafiti waliotumia mkate mweupe kuwa 100 badala ya glukosi. Chakula chenye 70 kwa msingi wa glukosi huwa na 100 hivi kwa msingi wa mkate. Anayechanganya majedwali hayo mawili bila kutaja misingi yake atawapa wasomaji takwimu za uongo.

2. Kiasi kilichosahauliwa

Kosa la pili la sentensi yetu ni kutotaja kiasi. Fahirisi hupima ubora wa kabohaidreti, si wingi wa chakula kilichopakuliwa. Karoti ni ushahidi mzuri. Katika orodha ya mwaka 1981 karoti zilipata 92, na kwa miaka mingi watu walionywa wasizile. Vipimo vya baadaye vilizishusha. Majedwali ya mwaka 2008 yazipa karoti zilizochemshwa wastani wa 39. Lakini hata kama 92 ingekuwa sahihi, ili mtu apate gramu 50 za kabohaidreti katika karoti, ingempasa ale zaidi ya nusu kilo kwa mkao mmoja. Nani hula hivyo?

Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walileta kipimo cha pili kinachochanganya ubora na wingi. Twapendekeza kiitwe mzigo wa sukari damuni. Hesabu yake ni rahisi, na mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wa hisabati: zidisha fahirisi ya chakula kwa gramu za kabohaidreti zilizomo katika sahani, kisha gawanya kwa 100. Mzigo wa 10 au chini yake ni mwepesi. Wa 20 au zaidi ni mzito.

Tuseme sahani ya wali mweupe ina gramu 40 za kabohaidreti. Fahirisi ni 73. Basi mzigo ni 73 mara 40 gawanya kwa 100, yaani 29. Sahani ya maharage mekundu yaliyochemshwa ina gramu 25, na fahirisi yake ni 24. Mzigo ni 6. Kipande cha tikiti maji chenye gramu 6 za kabohaidreti, ingawa fahirisi yake ni 76, mzigo wake haufiki 5. Hivyo tikiti maji ambalo kwa fahirisi laonekana baya kuliko wali, kwa mzigo ni jepesi kuliko hata maharage.

Twaomba wafasiri wasiziite fahirisi "nzuri" na "mbaya", wala "kali" na "pole". Maneno ya chini, wastani na juu yatosha. Chakula si mshitakiwa wa kuhukumiwa kwa nambari moja.

3. "Mboga kwa wingi"

Kosa la tatu latokana na kutosikiliza Kiswahili chenyewe. Katika matumizi ya kawaida ya Watanzania wengi, chakula ni ugali, wali au ndizi, na mboga ni kila kiliwacho pamoja nacho: mchicha, kisamvu, maharage, dagaa, hata nyama. Mtu husema, "Leo mboga ni nyama," wala hachekwi. Basi mfasiri akiandika "mboga kwa wingi" akikusudia majani, msomaji aweza kuelewa jambo jingine kabisa. Akitaka majani, na aandike mboga za majani. Akitaka maharage, na aandike maharage.

Kwa bahati njema, mgawanyo huu wa chakula na mboga wafaa sana kuelezea fahirisi kuliko mafungu ya kitaalamu. Katika sahani ya Kagerankanda, sehemu kubwa ya mzigo wa sukari damuni hutoka upande wa chakula, nao upande wa mboga hupunguza kasi yake. Maharage yana protini na makapimlo, ambayo wengine huyaita nyuzinyuzi. Hayo huchelewesha umeng'enyaji na kumfanya mlaji ashibe kwa muda mrefu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika karibu hawana kabohaidreti. Kwa hiyo ushauri wote waweza kusemwa hivi: punguza chakula, ongeza mboga, na mboga iwe maharage na majani. Hakuna kinachohitaji kununuliwa mjini. Maharage ni zao la huko huko Kasulu na Kibondo.

Ugali wenyewe unaungana na namna yake ya kutengenezwa. Unga uliosagwa laini sana humeng'enywa haraka kuliko ule wa chembe kubwa. Ndiyo maana dona lina nafasi ya kupendelewa kuliko sembe. Ndizi mbichi huwa na fahirisi ya chini kuliko ndizi hiyohiyo ikishaiva. Viazi vikipikwa na kuachwa vipoe, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa. Ama muhogo, vipimo vilivyochapishwa vyatofautiana mno, kwa kuwa muhogo wa kuchemsha si sawa na makopa yaliyolowekwa, yakaanikwa na kusagwa. Mwandishi asichukue nambari moja ya muhogo katika jedwali la kigeni akaibandika juu ya ugali wa Buha.

4. "Ili ukonde"

Kosa la nne ni zito kuliko yote, nalo ni la neno moja. Katika Kiswahili, kukonda si sifa. Mtu hukonda kwa njaa, kwa mawazo au kwa maradhi. Toka wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera, neno hili liliongezewa hofu. Kinyume chake, mtu aliyenenepa husemwa amenawiri, au "amepata afya". Anayemwambia mama "konda upate afya" anamwambia mambo mawili yanayopingana.

Yafaa kutumia kupunguza uzito, kwa kuwa kitendo hiki kina mtendaji na kusudi. Hali yenyewe iitwe uzito uliozidi, na inapopita kiasi, kiribatumbo, neno ambalo tayari lipo katika maandishi ya lishe. Kitambi kisitumike mahali pake, kwa maana chaweza kuwa tumbo tu, tena huandamana na mzaha.

Haja ya kusema juu ya uzito uliozidi ipo hata nje ya miji mikubwa. Mwaka 1989 McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi katika vijiji sita vya Tanzania: waliokuwa na kisukari hawakufika mtu 1 kwa kila watu 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta 9 hivi kwa kila watu wazima 100. Na uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 28 kwa kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Lakini uchunguzi wa namna hiyo wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nyumba moja aweza kuwapo bibi mwenye uzito uliozidi na mjukuu asiyepata chakula cha kutosha, nao hula katika chungu kimoja. Kijarida kinachosema tu "punguza" bila kutaja nani apunguze, chaweza kumnyima mtoto uji wake.

Je, fahirisi hupunguza uzito?

Hapa mfasiri huwa na deni la ukweli. Hoja ya wanaoipendekeza ni kwamba chakula cha fahirisi ya chini huingiza glukosi polepole, kongosho halilazimiki kutoa insulini nyingi kwa ghafula, na njaa huchelewa kurudi. Hoja hii ina msingi. Hata hivyo mapitio ya utafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba, kwa watu wenye uzito uliozidi, milo ya fahirisi ya chini pengine huleta tofauti ndogo tu, au haileti tofauti, katika uzito ikilinganishwa na milo mingine.

Mfano wa viazi waeleza sababu. Viazi vya mviringo vilivyochemshwa vina fahirisi ya 78. Vikikaangwa kuwa chipsi hushuka hadi 63, kwa kuwa mafuta huchelewesha umeng'enyaji. Lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na ya kabohaidreti 4. Sahani ya chipsi ina nishati zaidi ya mara tatu ya viazi vya kuchemsha vya uzito huohuo. Anayefuata fahirisi peke yake atachagua chipsi, na uzito utaongezeka. Tahadhari hiyo yawahusu pia watumiaji wa mawese: mafuta hayana fahirisi, lakini yana nishati nyingi.

Kwa hiyo fahirisi ni msaada wa kuchagua kati ya vyakula vya jamii moja, si mizani ya kupimia unene. Yafaa kuchagua maharage mahali pa sehemu ya ugali, viazi vitamu (63) au magimbi (53) mahali pa viazi vya mviringo, na chapati (52) mahali pa mkate mweupe, mradi isijazwe mafuta. Lakini anayetaka kupunguza uzito hana budi kupunguza pia jumla ya anachokula.

Sentensi iliyosahihishwa

Sasa twaweza kuiandika upya sentensi tuliyoanza nayo. Itakuwa ndefu zaidi, lakini urefu huo una faida:

"Mtu mzima aliyeambiwa na mganga kwamba uzito wake umezidi, apunguze bonge la ugali, uwe wa muhogo au wa mahindi, na aongeze maharage na mboga za majani. Ugali hauna utamu wa sukari, lakini ukishaliwa hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Maharage huongeza sukari hiyo polepole na kwa kiasi kidogo, tena huchelewesha njaa. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko. Ushauri huu si kwa watoto, wala mama mjamzito au anyonyeshaye, wala mtu anayepungua kwa maradhi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa aonane kwanza na mganga, maana akipunguza chakula bila kurekebisha dawa, sukari yaweza kushuka kupita kiasi."

Katika maneno hayo, istilahi fahirisi ya sukari damuni haikutajwa hata mara moja. Hilo si kosa. Istilahi ni chombo cha mwandishi, mwalimu na mtaalamu. Humwezesha kufikiri bila kukosea. Mwenye kuhudumiwa hahitaji chombo hicho, bali matokeo yake.

Mapendekezo yetu, basi, ni haya: fahirisi ya sukari damuni kwa ubora wa kabohaidreti ya chakula, mzigo wa sukari damuni kwa ubora pamoja na wingi, kabohaidreti kwa jamii yote, na wanga kwa ile isiyo tamu tu, makapimlo kwa sehemu isiyomeng'enywa, uzito uliozidi, kiribatumbo na kupunguza uzito kwa hali na tendo. Walimu, wauguzi na watumishi walioko wilayani wajaribu majina haya mbele ya wasikilizaji wao. Wakiona kwamba lugha ya mahali pao, iwe Kiha au nyingine, ina neno bora zaidi, watuandikie. Kihaya kilitupa ngeli, na sarufi yetu haikupungukiwa kwa hilo.